Aambiwe Mwenyewe

Fakhriya binti Marhoun alikuwa akifanya kazi mahakamani Ibra, katika idara ya kuthibitisha nyaraka, na kazi yake hasa ilikuwa kuwasomea watu. Wakija kuuziana shamba, kumpa mtu uwakala wa mali au kugawana nyumba ya urithi, yeye ndiye aliyewasomea maandishi kwa sauti kabla hawajatia saini. Wengi waliomjia walikuwa wanawake wa makamo na vikongwe, wakiletwa na watoto wao wa kiume. Mkuu wa idara, Sheikh Thani, alikuwa na desturi moja isiyowapendeza wengi: mwanamke akija kutoa haki yake, mwanawe hungoja nje. Fakhriya hufunga mlango, akamsomea bibi yule taratibu, halafu akamuuliza, "Umefahamu unachokitoa?" Wengine walijibu ndiyo haraka haraka. Wapo waliokaa kimya, kisha wakaomba wasomewe tena. Mara moja moja kikongwe aliinuka akaenda zake bila ya kutia kidole, na mwana akabaki kumkodolea macho Fakhriya.

Kwao si Ibra. Kazaliwa Maskati, kwa wazee waliotoka Unguja. Mamake alitolewa Vuga angali mtoto, mwaka wa mapinduzi, na mpaka anakufa alikuwa akimgombeza binti yake kwa Kiswahili kile kile alichotoka nacho. Baba alikwisha tangulia zamani. Kaka yake, Khalaf, alihamia Uingereza, na salamu zake siku za sikukuu huja kwa Kiingereza. Fakhriya aliolewa na Nasr alipokuwa na miaka thelathini na tatu, umri ambao majirani walikwisha choka kumwombea. Nasr ni mtu wa Ibra, mpole, mwenye haya, anafanya kazi kwenye kiwanda cha gesi huko Qalhat. Hukaa wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani. Kwao Nasr hakuna ajuaye neno la Kiswahili. Mamake Fakhriya alipofariki, yeye alibaki na lugha nzima kinywani na hana wa kumwambia hata "hebu nipishe."

Mimba mbili zilikwisha mharibikia. Ya tatu ilipovuka mwezi wa nne akaanza kusema na mtoto. Alikuwa akisema naye garini, asubuhi, anapokwenda kazini kati ya mashamba ya mitende. "Umeamka? Leo kuna baridi, ee. Haya, tushafika, mwanangu, tulia sasa nifanye kazi." Alimsimulia bibi yake alivyokuwa mkali kwa wanaopika wali ukawa mchechema, laini wa kushikana. Alimwambia jina la kila kitu walichokipita njiani, na pale asipolijua jina kwa Kiswahili, alimwomba radhi.

Mwezi wa tano alikwenda kupimwa kwenye zahanati ya binafsi aliyoizoea. Daktari alikuwa kijana wa adabu, jina lake Tamim. Alianza kipimo cha ultrasaundi huku akimtania kwamba mtoto huyu atakuwa hakimu kwa jinsi mama anavyokaa mahakamani. Halafu akaisogelea skrini. Akakisogeza kile chombo huku, akakirudisha kule, akakikandamiza. Taratibu akaigeuza skrini upande wake.

"Kuna nini, daktari?"

"Nasr yuko wapi leo?"

"Yuko zamu, Qalhat."

"Basi nitampigia simu."

"Mimi niko hapa," alisema Fakhriya.

Tamim akatabasamu, tabasamu la mtu anayemfunika mtoto shuka. "Maji yamepungua kidogo tu. Kunywa maji mengi, upumzike, wala usijitie kwenye fikira."

Fakhriya akanywa maji. Akapumzika. Na nyumba nzima ikabadilika.

Mama mkwe wake, Bi Mabruka, alikuwa mwanamke wa sauti. Kwenye soko la wanawake la Jumatano, watu humsikia kabla ya kumwona. Sasa aliingia chumbani kwa mkwewe akitembea kwa ncha za vidole, na sahani ya mkate mwembamba wa asali mkononi, akauliza kwa sauti ndogo, "Hujambo, binti yangu?" Zamani aliuliza, "Hamjambo?" Wasan, wifi yake, alikuwa akishona nguo za mtoto, ghafla cherehani ikafunikwa kitambaa na zile nguo hazikuonekana tena. Fakhriya akiingia jikoni, wanawake walikuwa wakisema juu ya bei ya mbuzi. Hapana hata mmoja aliyesema "mtoto." Neno lile lilitoka katika nyumba kama mtu aliyesafiri.

Hapana aliyemfanyia ubaya, na hilo ndilo lililomtisha. Wote walikuwa wema, wema wa pamoja, kama waliopatana. Nasr akipiga simu alipiga mara nyingi kuliko zamani, na kila mara alikuwa na machache ya kusema. Aliporudi, Fakhriya alimngoja mpaka wakabaki wawili.

"Kakwambia nini daktari?"

"Kasema upumzike."

"Na mengine?"

"Mengine ni ya Mungu," alijibu Nasr, akainuka kwenda kutazama tairi za gari.

Fakhriya aliijua ile namna ya kuinuka. Ofisini kwake aliwaona watoto wa kiume wakiinuka hivyo hivyo, mama zao wanapowauliza, karatasi hii inasema nini?

Tumbo halikukua kama linavyotakiwa. Mtoto alikuwa akicheza, lakini kwa shida, kama aliyebanwa mahali. Wakati mwingine Fakhriya alikaa na mkono tumboni mchana kutwa akingoja. Garini aliendelea kusema naye, ila sasa aliuliza zaidi kuliko kusimulia. "Una nini, mwanangu? Nyumba nzima inajua. Mimi na wewe tu ndio hatujui."

Siku moja akaenda zahanati peke yake, bila ya miadi. Tamim akamkaribisha, akamletea maji.

"Nataka kujua mwanangu ana nini," alisema Fakhriya.

"Nimekwisha mweleza mumeo kwa urefu, ukhti. Kila kitu kimepangwa. Ukitimia mwezi wa nane utafanyiwa operesheni, na mtoto atapelekwa Maskati kwenye mashine."

"Mimi nipasuliwe, na aliyeambiwa ni Nasr?"

"Familia imeniomba nisikutie hofu. Wanakupenda."

"Sijakuuliza kama wananipenda. Mtoto ana nini?"

Tamim aliitazama meza. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya. "Wallahi, ukhti, nimetoa ahadi."

"Mtoto yumo tumboni mwangu, na ahadi umempa mtu mwengine."

Fakhriya alitoka, akakaa garini na mlango wazi, miguu yake nje juani. Akaifungua simu, akayapitia majina kuanzia juu mpaka chini. Mamake bado alikuwamo, hakuwahi kumfuta. Akaifunga simu.

Mwenzake mmoja wa ofisini aliwahi kumtaja daktari wa hospitali moja ya Nizwa, Lamees, kwamba hasemi na mtu kabla ya kusema na mgonjwa mwenyewe. Fakhriya aliomba ruhusa kwa Sheikh Thani, ambaye hakumuuliza sababu, akaendesha gari mwenyewe kupitia Samad na Izki, milima imemkaa upande mmoja, mchana wote ule na redio imezimwa. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kazini. Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya Bi Mabruka.

Lamees alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono ya moto. Alimpima kwa muda mrefu, naye hakuigeuza skrini. Alipomaliza alivuta kiti, akakaa karibu kabisa.

"Kabla sijasema neno, nataka kukuuliza. Wako watu wanaotaka kuambiwa yote mara moja. Wako wanaotaka kidogo kidogo. Wako wanaotaka mwenziwao awepo. Wewe unatakaje?"

Hapana aliyemuuliza swali kama hilo tangu mwezi wa tano. "Yote," alisema. "Sasa hivi."

Basi Lamees akamwambia. Mtoto ni wa kike. Hana figo, hata moja. Maji yanayomzunguka mtoto tumboni hutoka kwenye mkojo wake mwenyewe. Asiye na figo hana maji, na pasipo maji mapafu hayakui. Moyo wake unapiga vizuri, na tumboni mama anampumulia. Akitoka hataweza kupumua mwenyewe kwa muda mrefu.

"Muda gani?"

"Dakika. Saa. Sitakudanganya kwamba najua."

"Nimefanya nini mimi?"

"Hukufanya kitu. Si kitu ulichokula wala ulichoacha. Imetokea tu."

"Na mashine za Maskati?"

"Mashine itasukuma pumzi kwenye mapafu yasiyoweza kuipokea. Wako wazazi wanaochagua hivyo, na sisi hatuwazuii. Lakini ujue unachagua nini, na nini kitafanywa kwenye mwili wako, na wapi atakuwa mtoto na wewe uko wapi." Lamees alimweleza njia zote zilizokuwepo, hata ile ambayo Fakhriya alijua tangu anaisikia kwamba hataifuata. Halafu akamwambia ya mwisho. "Iko njia nyengine. Unazaa kama wanavyozaa watu. Mtoto hatiwi mipira wala sindano za bure. Anawekwa kifuani kwako, anapata joto, akionekana kuumia anapewa dawa ya maumivu, na anabaki na wewe mpaka mwisho wake. Tunaita uangalizi wa faraja."

Fakhriya akauliza alichokuwa akikiuliza moyoni miezi miwili. "Kwa nini wewe unanambia, na yule hakunambia?"

"Kwa sababu mgonjwa ni wewe. Kumweleza mgonjwa hali yake si hisani yangu, ni wajibu wa kisheria, na mume hawezi kunisamehe wajibu ule kwa niaba yako. Hapa kwetu tumejiwekea na kanuni zaidi. Mama akipewa habari kama hii, hatoki mlangoni kabla hajaelezwa kwamba huo uangalizi upo, unafanywaje, na nani atakuwa naye. Aukubali au aukatae, ni shauri lake. Lakini aambiwe mwenyewe."

Akamwachia mkunga amkamilishie. Fakhriya alikuwa amekaa chumba cha pili, hajatoa chozi, mkono tumboni, akinong'ona, "Pole, mwanangu. Pole, mama. Kumbe ndiyo hivyo."

Mkunga, mwanamke kijana, mnene, mwenye miwani, akasimama mlangoni. "We dada! Kumbe Mswahili?"

Jina lake Buthaina. Mamake alizaliwa Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimechanganyika na Kiarabu na Kiingereza cha hospitali. Alivuta kiti akakaa magoti yao yakigusana.

"Samahani, mi Kiswahili changu kimevunjika kidogo. Kule bara wanaita tiba shufaa. Yaani, dawa ya kumponya hatuna, dada. Ila hatumwachi. Na wewe hatukuachi. Ndo maana yake, basi."

Fakhriya alikuwa amesikia yote kwa Kiarabu na ameyafahamu yote. Lakini "hatumwachi" ilimwingia mahali ambapo Kiarabu hakikufika, kwa sauti za nyumbani kwao, na hapo ndipo alipolia, kwa kwikwi, na paji la uso begani mwa mtu asiyemjua. Buthaina alimwacha alie. Kisha akamweleza mambo madogo madogo: nguo gani alete, nani anaruhusiwa kuingia, mtoto atakuwa na rangi gani, atapumua namna gani mwishoni ili asishtuke.

"Na maziwa yatakuja," alisema. "Watu husahau kusema hilo. Baada ya siku mbili tatu yatakuja, na mtoto hayupo. Nakwambia sasa yasije yakakukuta hujui."

Nasr aliporudi kutoka Qalhat, Fakhriya alimkalisha chumbani na kumwambia kila kitu ambacho mwenyewe Nasr alikuwa anakijua tayari.

Nasr aliufunika uso wake. "Nilitaka ubakie na furaha yako angalau miezi hii."

"Furaha gani, Nasr? Mlikuwa mnanitazama mnajua. Mimi nakula mkate wa asali, na nyinyi mnanitazama."

"Nilikuwa nabeba mimi ili usibebe wewe."

"Huwezi kumbeba huyu. Nambeba mimi."

Alimhurumia. Aliona kwamba amekonda, na kwamba naye huko Qalhat alikuwa peke yake na siri yake, na pengine ndani ya gari naye alikuwa akisema na mtu. Lakini hapana aliyejua namna ya kuvuka kwenda kwa mwenziwe. Walikaa kitanda kimoja kama abiria wawili wanaongoja magari mbalimbali.

Fakhriya alipowaambia kwamba atazaa Nizwa na mtoto atabaki kifuani kwake, Bi Mabruka ndiye aliyekataa kwa wazi. Hasira ilimrudishia sauti yake. "Unazaa mtoto ili umtazame anakufa? Nani kakufundisha ukatili huu? Mwache achukuliwe, usimwone, usimzoee, utasahau."

"Amti," alisema Fakhriya, kama alivyozoea kumwita mama mkwe, "nimeshamzoea."

"Mimi sitakuja huko Nizwa. Roho yangu haiwezi."

Na kweli hakuja.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati, asubuhi, Nasr akiwa zamu. Wasan ndiye aliyempeleka, akiendesha gari, akimshika mkono kila palipokuwa na njia iliyonyooka. Wasan hakuweza kuingia ndani. Alibaki kwenye viti vya nje na jozi moja ya nguo ndogo mapajani, zile alizozishona na kuzificha.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, kwa matako kwanza, na Lamees akamtoa taratibu kama mtu anayechomoa kitu kwenye hariri. Alitoa sauti moja, nyembamba. Hakuchukuliwa popote. Buthaina alimpangusa, akamweka juu ya kifua cha mamake, akawafunika wote wawili kwa taulo lililopashwa moto.

Alikuwa na nywele nyingi. Pua ilikuwa imebanwa kidogo kwa kukosa nafasi, na masikio yamekaa chini kidogo. Vidole virefu. Fakhriya alivitazama kimoja kimoja. Akamwita Asya, jina la mamake.

Nasr alifika kutoka Qalhat na nguo za kazi, viatu vizito, harufu ya mafuta. Alisimama mlangoni mpaka Buthaina akamshika mkono wa shati, akamvuta ndani. Akainama, akamwadhinia mwanawe sikioni. Katikati sauti ikamkatika, akaanza tena. Alipomaliza alimgusa mtoto unyayo kwa kidole kimoja, akatoka kwenye ukumbi, na hakurudi mpaka yalipokwisha. Fakhriya alimsikia akitembea huku na huko nje.

Basi walibaki wao wawili, na Buthaina akija kila baada ya muda kumlowesha mtoto midomo kwa pamba. Dawa ya maumivu alipewa mara moja, matone. Fakhriya alisema naye. Hakusema mambo makubwa. Alimwambia, "Huyo ni babako, ana haya, usimchukulie vibaya." Alimwambia, "Dirishani kuna mlima, mkubwa, wa kijivu." Alimwambia jina la bibi yake na jina la mama wa bibi yake, na mtaa waliotoka. Alimwambia kwamba wali uliopikwa vizuri unachambuka punje punje. Mtoto alikuwa akivuta pumzi, akatua, akavuta tena, kama Fakhriya alivyoelezwa. Kwa kuwa alielezwa, hakushtuka. Vile vituo baina ya pumzi vikazidi kurefuka, na baada ya saa na kitu, katikati ya neno la mamake, kimoja hakikwisha.

Alasiri wanaume wakaja. Mtoto alioshwa, akavishwa sanda. Nasr akamchukua mapajani ndani ya gari la ndugu yake, wakaondoka kumzika Ibra. Fakhriya alibaki wodini. Aliihesabu njia moyoni: sasa wako Izki, sasa wanapita Samad, sasa wanashuka. Zamu ya Buthaina ilikwisha, akaja kuaga, akambusu kwenye paji la uso. Mkunga mwengine akaingia, asiyejua neno la Kiswahili, akamuuliza kwa Kiarabu kama anataka chai.

Maziwa yalikuja, kama alivyoambiwa. Alisimama bafuni nyumbani Ibra na nguo imelowa mbele, akasema peke yake, kwa sauti, "Nimejua. Nilishajua." Akakaa juu ya vigae mpaka miguu ikapata ganzi.

Watu walikuja kutoa pole. Walikuwa wengi. Walisema Mungu atampa mwengine, walisema angalau hakumzoea, walisema ni ndege wa peponi. Hapana aliyeuliza jina lake. Fakhriya alipolitaja mara moja, kwenye chumba kilichojaa wanawake, "Asya alikuwa na nywele nyingi," kikombe kikawekwa chini, mtu akakohoa, na mwengine akauliza kama mvua imenyesha Sur. Hakulitaja tena mbele zao.

Aliporudi kazini, siku ya kwanza akaletewa kikongwe aliyetaka kumpa mwanawe uwakala wa shamba la mitende. Fakhriya akamsomea, akafika kwenye swali lake la kila siku, akausoma tena mstari wa mwisho. Bibi yule akamngoja. Mwishowe Fakhriya akatamka, "Umefahamu unachokitoa?" na jioni ile ile akaandika malalamiko yake juu ya zahanati.

Nasr alimsihi asiyapeleke. "Jina langu litatajwa. Watasema nilimficha mke wangu."

"Ulinificha."

"Nilikosea. Kuna haja watu wajue?"

"Kuna wanawake wanaingia mlango ule kila siku, Nasr."

Kamati iliyosikiliza malalamiko ilikuwa ya watu wanne, katika chumba chenye baridi kali ya kiyoyozi. Tamim alikaa upande wa pili, amenyoa vizuri. Mwenyekiti alimuuliza Fakhriya, kwa heshima, anataka nini hasa, kwani mtoto asingelipona kwa hali yoyote.

"Hilo nalijua," alisema. "Sikuja kwa sababu mtoto amekufa. Nimekuja kwa sababu kwa miezi miwili alikuwa hai na mimi sikuwa najua nimekaa na nani. Lau nisingelikwenda Nizwa kwa hila, ningelipasuliwa Ibra na yeye angelikufa Maskati, kati ya mipira, na mimi nimelala hapa naambiwa kila kitu heri. Kulikuwa na njia nyengine na hapana aliyenambia kwamba ipo. Pengine ningeliikataa. Lakini ningeliikataa mimi."

Tamim alipoulizwa, alisema kweli: alifanya kwa huruma, na aliombwa na familia. Uangalizi wa faraja alikuwa akiujua, lakini hakuutaja kwa sababu hakuona mama gani atautaka. Kamati ilimpa onyo. Ile zahanati iliamriwa kwamba toka siku ile habari ya mimba apewe mwenye mimba, faraghani, na aelezwe njia zote pamoja na hiyo, na wapi inapatikana. Tamim alimkuta Fakhriya kwenye ukumbi, akangoja mpaka wapitao wakapita.

"Ukhti, nisamehe. Lakini mama yangu mwenyewe akiugua, sidhani kama nitaweza kumwambia."

"Basi naye atakuwa peke yake," alisema Fakhriya, si kwa ubaya.

Lamees alimwomba aje Nizwa kuzungumza na madaktari wanafunzi. Alikwenda mara moja, akasema yote, wakamshukuru, wengine machozi yakawatoka. Njiani kurudi alilazimika kusimamisha gari kando ya barabara, kwa kuwa alijiona kama aliyemwacha mtoto kule, mbele ya wageni. Alipoitwa tena alikataa, na Lamees hakumshikilia.

Nasr aliomba zamu ndefu zaidi Qalhat. Hawakuachana. Akirudi humletea samaki, humtengenezea gari, humuuliza kama anahitaji kitu, na hujibu kwa adabu akiulizwa. Mara mbili Fakhriya alimwona kutoka dirishani, saa ya magharibi, akitoka kwa miguu kuelekea upande wa makaburi. Hakumfuata. Alidhani pengine hataki kuonekana, na kwa kuwa hakumuuliza, hakujua kama anataka.

Siku moja, mwaka ukikaribia kutimia, baada ya alasiri, Bi Mabruka aliingia chumbani kwake bila ya kubisha. Hakuwa na sahani mkononi. Alikaa pembeni mwa kitanda, akajipangusa mikono juu ya kanga kavu.

"Kabla ya Nasr nilizaa mwengine," alisema. "Wakanambia amekwenda. Wakamchukua. Nikauliza, wa kiume au wa kike? Wakanambia usiulize, utazidisha huzuni. Baba yake Nasr alikuwa anajua, maana yeye ndiye aliyekwenda kuzika. Nimekaa naye miaka arubaini. Amekufa hajanambia."

Fakhriya alisogea kidogo, ampishe nafasi.

"Wako," aliuliza Bi Mabruka, "alikuwa anafanana na nani?"

"Paji la uso ni la Nasr," alisema Fakhriya. "Vidole sijui vya nani. Virefu."

"Vyangu hivyo," alisema Bi Mabruka, akavinyoosha vyake juu ya goti, vyeusi kwa kazi na hina. Akavitazama. "Haya, endelea."

Fakhriya akamwelezea nywele, na ile sauti moja nyembamba, na adhana iliyokatika katikati. Mwanamke mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akasema mkate utaungua, akatoka. Jumatano akaenda sokoni kama kawaida, na sauti yake ikasikika tangu nje, na baina yao hawakulizungumza tena.